Bidoni ya Kanisa

Ukungu wa Butembo hauna adabu. Unaingia dukani bila hodi, unakalia kiti cha mteja, na mwenye duka analazimika kungoja uondoke ndipo aone nani amesimama mbele yake. Asubuhi ile Kavuo alipofika kwenye depo ya Salomon aliona magunia tu, yamepangwa ukutani, na ilimchukua muda kuamini kwamba ni magunia yake mwenyewe. Yalikuwa yametoka Beni, yakavuka mpaka pale Kasindi, yakafika Kampala kwa mnunuzi, na sasa yamerudi. Katika vita ile watu wengi waliondoka na hawakurudi. Papaini ya Kavuo ilirudi.

Salomon alikuwa wakala wa yule mnunuzi wa Kampala, mtu mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi ya mlimani. Alifungua gunia moja, akarudi nyuma hatua.

"Mama Kavuo, usikie weye mwenyewe," alisema. "Usikie harufu."

Kavuo aliinama. Unga ambao ulipaswa kuwa mweupe wa kupendeza ulikuwa wa rangi ya chai, na ulinuka maziwa yaliyosahauliwa chunguni. Alichukua kidogo kwenye kiganja, akausugua kwa kidole, akatamani sana iwe ni ndoto. Ukungu ule ungemruhusu mtu yeyote kudhani hivyo.

"Patron ya Kampala anasema hivi," Salomon aliendelea. "Mulete muzigo moja tena, ya mwisho. Kama iko muzuri, tunaendelea. Kama iko sawa hii, basi, atanunua kwa bengine. Na bengine beko."

"Nitaleta muzuri."

"Njo vile ulisema mara ingine," alijibu Salomon, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu.

Papaini, kwa asiyeijua, ni utomvu wa papai bichi. Kabla jua halijachomoza, mama anaingia shambani, anachanja ngozi ya tunda kwa kijiti cha mwanzi, na maziwa yanadondoka kwenye plastiki iliyofungwa kuzunguka shina. Maziwa hayo yanakusanywa katika madumu yanayoitwa bidoni, yanakimbizwa kiwandani, yanatandazwa kwenye trei juu ya tanuri la moto wa pole mpaka yawe unga. Ni kazi ya kula vidole, kwa maana utomvu wenyewe unakula ngozi. Wazungu wanainunua ili walainishe nyama zao, wasafishe bia zao na kutengeneza dawa. Nchi ambayo nyama ilikuwa habari ya Noeli inaamka alfajiri kulainisha nyama ya wengine! Lakini Kavuo hakuwa na nafasi ya kucheka. Ilikuwa kazi safi, mtu angeweza kuifanya bila bunduki, na katika miaka ile kazi za namna hiyo zilikuwa chache.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Bungulu, ndani ya Beni, kule chini ambako joto linaipendeza mipapai. Watu walikiita Nyumba ya Nzanzu, kwa jina la baba yake Kavuo aliyekianzisha. Yeye Nzanzu sasa alikuwa mzee, na kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa binti yake. Kampala ikikataa mzigo wa mwisho, tanuri lingezimwa, na wanawake wote waliokuwa wakileta maziwa kutoka mashamba ya jirani mpaka njia ya Eringeti wangerudi kuuza ndizi kwa wanajeshi waliolipa wanapotaka. Kavuo aliyafikiri hayo njia nzima ya kurudi, na kila kizuizi cha barabarani kilimwamsha katikati ya wazo lile lile.

Akaanza na vitambaa.

Mpaka siku hizo, maziwa ya watu wote yalikuwa yakimiminwa katika pipa moja, na kosa lililochanganywa ni kosa lisilo na mwenyewe. Kavuo akaliondoa pipa. Akawaambia wanawake kwamba kuanzia sasa kila mmoja achane kipande cha kitenge chake, akifunge kwenye bidoni yake, na kitambaa hicho kitafuata maziwa yake: kwenye trei, kwenye tanuri, mpaka mdomoni mwa gunia.

"Sasa tutakauka sisi pamoja na maziwa!" alisema Agar, kapita au msimamizi wa wanawake, mwenye sauti kubwa ambayo Jumapili iliongoza kwaya na siku nyingine iliongoza kila kitu. Wanawake wakacheka. Lakini wiki haikuisha kabla hawajaanza kuchagua vipande vya vitenge vyao vizuri, maana hakuna aliyetaka trei yake ionekane ya mtu maskini.

Chumba cha kukaushia kikabadilika. Hewa ya moto ilipopanda kutoka kwenye tanuri, vile vitambaa vyote vilianza kupepea polepole, vyekundu na vya manjano na vya samawati, na Kavuo alizoea kusimama katikati yake akasahau alichokuja kufanya. Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika mbali, upande wa mlima, kama watu wanaohamisha makabati katika nyumba ya jirani. Humo ndani kulikuwa na rangi, na joto, na harufu tamu kidogo ya utomvu. Mara nyingine ilimjia kwamba vita ndiyo ndoto na chumba kile ndicho dunia. Agar alikuwa akipita hapo na kumwambia afunge mdomo, nzi wataingia.

Vitambaa vikaanza kusema. Trei ya Adèle, mama mmoja wa njia ya Eringeti, ilitoka na rangi ya majivu kila siku, mpaka Kavuo alipomfuata shambani na kukuta anachanja kwa kisu cha chuma. Utomvu hauelewani na chuma. Akampa mwanzi, na maziwa yakanyooka. Trei nyingine ilikuwa nzito kupita kiasi. Kavuo akaidondoshea tone la ayodini alilopewa na rafiki yake wa dispensari, na pale tone lilipoangukia pakawa bluu iliyoiva, ishara ya unga wa muhogo. Hakumfukuza mwenye trei wala kumtaja. Alimrudishia kitu chake pembeni, wakiwa wawili tu, na yule mama akainamisha macho, akasema watoto walikuwa na njaa. Kavuo akamwamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Muhogo haukurudi tena.

Kazi ikawa nzuri. Unga wa Jumanne ulitoka mweupe, wa Jumatano mweupe, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Lakini wa Jumatatu ulitoka rangi ya chai. Wa wote! Wa Adèle na wa Agar, kitambaa chekundu na kitambaa cha samawati, vyote vilikuwa vinapepea juu ya unga ule ule mbaya. Na gunia halijui Jumatatu; ukimwaga mbaya juu ya mzuri, mnunuzi anafungua na kukuta mbaya.

Kavuo akajiuliza Jumatatu ina nini ambacho siku nyingine hazina. Alijua jibu kabla hajamaliza swali, na jibu lilimtisha.

Jumatatu ilikuwa na bidoni ya kanisa.

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile na hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Wakati wa vita ya kwanza, askari waliokuwa wanakimbia walipokuja wakipora kila kitu, Nzanzu na mke wake na Kavuo walikimbilia mashambani karibu na Eringeti. Huko, mchana mmoja, Nzanzu alilala chini ya migomba, akaota. Aliona bidoni moja nyeupe na mkono ulioshika upawa. Mkono ule ulichota katika bidoni moja na kumimina kidogo katika bidoni nyingine zote, na zote zikajaa mpaka zikafurika. Aliporudi Bungulu alikuta nyumba za jirani zimeachwa matundu matupu, ila kiwanda chake hakikuguswa hata trei. Basi akaweka nadhiri mbele ya kanisa zima. Waumini wasio na fedha watoe fungu la kumi kwa utomvu, na bidoni hiyo ya Bwana itangulie kila wiki: yeye mwenyewe atachota kwa upawa na kumimina kidogo katika bidoni ya kila mtu, ili baraka iingie kote.

Na ndivyo alivyofanya. Kila Jumatatu kwaya ilileta bidoni ikiimba. Nzanzu, kizee kidogo chenye sauti isiyopanda, alitembea safu nzima na upawa wake, akiinamia kila bidoni, na wanawake walifumba macho. Kwenye bidoni ile peke yake hakuna aliyefunga kitambaa. Nani atafunga kitambaa kwenye kitu cha Mungu, kana kwamba Mungu naye anahitaji kupimwa?

Jumatatu iliyofuata, kabla kwaya haijatulia, Kavuo alijifanya anasogeza bidoni ile kivulini, akafungua kifuniko na kunusa. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya ibada. Waumini walikuwa wanachanja Jumamosi alfajiri. Maziwa yao yalilala kanisani Jumamosi, yakashinda Jumapili nzima chini ya bati wakati watu wanaimba juu yake, yakaja kiwandani Jumatatu yameshaoza. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Hilo kila mtu Beni analijua. Lakini nani atathubutu kumnusa samaki wa Mungu?

"Agar," alinong'ona, "kuja unuse hapa."

Agar alinusa. Uso wake ukakunjamana, kisha akaukunjua kwa nguvu. "Mi hapana sikia kitu," alisema. "Na weye pia hapana. Iyo ni ya Mungu, Kavuo. Unataka atukasirikie, na hii vita iko hapa pa mulango?"

Kwa hiyo Kavuo akamwendea baba yake mwenyewe. Hakwenda mikono mitupu. Alichukua maziwa ya mtu mmoja, ya siku moja, akayakausha katika trei mbili: moja ilipata upawa wa baraka, nyingine haikupata. Akaziweka zote mbili mezani mbele ya mzee. Moja ilikuwa nyeupe. Nyingine hata kipofu angeijua kwa pua.

"Papa, bidoni ya kanisa inaharibisha maziwa ya bote."

"Nani alisema?"

"Trei zinasema."

Nzanzu alizitazama kwa muda mrefu. Aligusa unga mweupe, kisha akagusa ule mwingine, na akafuta kidole kwenye suruali.

"Kavuo," alisema kwa upole, "hii nyumba haisimame juu ya trei. Inasimama juu ya ndoto. Balipora mutaa yote, hapa habakuingia. Sasa weye unataka nimwambie Mungu, merci mingi, lakini unanuka?"

"Papa, ni muzigo ya mwisho. Salomon alisema."

"Mungu anajua njia ya Kampala. Weye fanya kazi yako, mi nifanye yangu."

Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Alimweleza habari ya joto na bati. Alimwomba aruhusu waumini wachanje Jumatatu badala ya Jumamosi, akajibiwa kwamba sadaka hutolewa mbele ya madhabahu, siku ya Bwana, haitolewi mlangoni mwa kiwanda. Mzee hakukasirika hata mara moja. Kama angekasirika ingekuwa afadhali, maana hasira ina mwisho. Kavuo alitoka, akaona wazi kwamba ndoto haishindwi na trei. Ndoto labda ingeshindwa na ndoto.

Wazo lilimjia alfajiri, shambani, kati ya mipapai. Ukungu mwembamba ulikuwa chini, maziwa yalikuwa yanadondoka kwenye plastiki, tone baada ya tone, na yeye alikuwa nusu macho nusu usingizini kama wachanjaji wote saa hiyo. Alimfikiria mama yake, Katungu, aliyekufa kwa homa katika ule ukimbizi wa Eringeti, akazikwa huko huko. Alimfikiria kwa nguvu sana mpaka karibu amwone akipita kati ya mashina. Hakumwona. Lakini ni nani angejua?

Asubuhi hiyo, baba yake akiwa na kikombe cha chai na muhogo wa kuchemsha, Kavuo alisema:

"Papa, mama alinikujia mu ndoto."

Nzanzu aliweka kikombe chini.

"Alisema nini?"

"Alisema bidoni ya kanisa ikaushwe peke yake. Mu trei yake. Isichanganyike na ya batu."

Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya dini. Alikuwa na mistari miwili ya Maandiko tayari mdomoni. Mzee hakuuliza habari ya dini.

"Alivala nini?"

"Kitenge ya kijani. Ile ya ndege."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Alikuwa muzima."

"Aliikala ao alisimama?"

"Alisimama. Pa mulango ya kiwanda."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. "Kama Katungu alisema," alijibu, "basi." Akachukua kofia yake, akatoka, akasimama uani akitazama mlango wa kiwanda mpaka chai ikapoa. Kavuo alifurahi sana. Kisha akaona aibu, akaikunja na kuiweka mbali, kwa sababu kazi ilikuwa inamngoja.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote alizozijua. Bidoni ya kanisa iliwekwa kwenye meza yake, ikakaushwa katika trei yake, kwa heshima zote, na fedha kidogo iliyopatikana ikarudi kanisani. Unga wa Jumatatu ukatoka mweupe kama wa siku nyingine. Kuni zilipungua, kwa sababu hakuna trei iliyorudiwa. Mishahara ikaanza kutoka siku yake. Kizuri chajiuza: wanawake kutoka mashamba ya mbali, ambao hawakuwahi kuja Bungulu, walifika wakiwa tayari wamefunga vitambaa, wakiuliza ni wapi pale ambapo maziwa ya mtu yanabaki ya kwake. Salomon alishuka kutoka Butembo kuangalia, akachota konzi moja ya unga mweupe, akaunusa. Halafu akavua koti moja. Huenda ilikuwa joto la Beni tu, lakini Agar alisimulia habari ya koti lile kwa siku nyingi.

Ni Nzanzu aliyeanza kuharibika.

Alianza kuja kiwandani kila asubuhi akiwa amevaa suti yake ya Jumapili. Alileta kigoda, akakiweka mkabala na mlango, akakaa akiutazama. Wanawake walidhani analinda mzigo na wakamsalimu kwa Kinande, "Wavukire, Papa," naye akaitikia bila kuwatazama, na mtu akisimama mlangoni muda mrefu alimwomba kwa adabu asogee. Vitambaa vilipepea juu ya kichwa chake. Mara nyingine alisinzia, akashtuka, akatazama tena haraka, kama aliyepitwa na lori.

Na kila asubuhi alimuuliza binti yake, kwa sauti ya chini: "Alirudia?"

Mwanzoni Kavuo alijibu hapana. Lakini kila hapana ilimkunja mzee kidogo zaidi, na asubuhi moja, kwa huruma, akamwambia ndiyo, alipita, alikusalimia. Uso wa Nzanzu ulifunguka. Kesho yake ikabidi mama apite tena. Siku nyingine akaulizia maharage. Siku nyingine akacheka. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kavuo iliongezwa kipande kila asubuhi, na hakuona pa kushukia.

"Akikuja tena," alisema Nzanzu siku moja, "umuulize kitu moja."

"Kitu gani, Papa?"

Mzee aligeukia mlango. Alikuwa amekonda, shingo yake ilikuwa inacheza ndani ya kola. "Hapana. Acha. Anajua yeye mwenyewe."

Siku hiyo Kavuo hakuweza kula. Alikuwa amepita na ayodini yake juu ya kila trei ya Beni, akiwatafutia watu muhogo katika maziwa yao, na yeye mwenyewe alikuwa anamchanganyia baba yake muhogo kila asubuhi, naye anakula na kushukuru. Alijichukia. Na alijua vizuri kabisa bei ya kusema kweli: Jumatatu iliyokuwa inakuja ndiyo Jumatatu ya mwisho kabla lori halijapakiwa. Mzee akijua hakukuwa na ndoto, atachukua upawa wake, na nyumba itaishia hapo.

Jumatatu ilikuja na ukungu mzito, jambo ambalo si la kawaida kule chini. Kwaya ilifika ikiimba na haikuonekana mpaka ilipofika mlangoni, sauti kwanza, watu baadaye. Waliweka bidoni ya kanisa kwenye meza yake na kuondoka. Wanawake walipanga bidoni zao safu nzima, vitambaa vimelowa umande, wakaenda kunywa chai kwa Agar. Nzanzu alikuwa kwenye kigoda chake, suti imepigwa pasi.

"Alirudia?" aliuliza.

Kavuo aliufunga mlango. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili.

"Papa, nilikudanganya. Mama hakunikujia. Hata mara moja."

Mzee alimtazama bila kuelewa. "Kitenge ya ndege?"

"Nilitunga."

"Pa mulango? Maharage?"

"Nilitunga yote. Nilitaka ile bidoni ikae peke yake, na weye ulikataa. Unisamehe, Papa."

Alisubiri hasira. Alitamani hasira. Lakini Nzanzu alishusha pumzi ndefu sana, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda kwa wiki nyingi, yakashuka taratibu.

"Basi hata weye," alisema. "Hata weye hakukukujia. Mi nilizania ananikimbia mimi tu."

Nje, mtu alipita na baiskeli, na ukungu ukaimeza sauti yake. Nzanzu alipoanza kusema hakumtazama binti yake. Alisema na ule mlango uliofungwa.

"Kule Eringeti. Ile muchana weye ulienda kutafuta dawa. Mama yako aliniomba maji. Nilimwambia, ngoja nipumuzike kidogo, nitashuka ku mutoni. Nilikuwa nimechoka, Kavuo. Tulikuwa tumetembea sana. Nikalala. Njo nikaona ile ndoto, ile mukono, maziwa inajaa fasi yote. Niliamuka na furaha! Nikageuka nimwelezee. Alikuwa amekwisha. Kikombe iko pembeni, mutupu."

Kavuo alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Mbele ya kanisa ndoto ilikuwa na migomba na mkono na upawa. Haikuwa na kikombe.

"Kama ile ndoto ilitoka kwa Mungu," alisema mzee, "basi Mungu njo alinilalisha. Alikuwa na kitu ya kunionyesha. Lakini kama ilikuwa ndoto tu..."

Hakumaliza, na hapakuwa na haja. Kavuo aliona miaka yote ile ya Jumatatu, kizee chenye upawa kikitembea kutoka bidoni hadi bidoni, na akajua kwamba kilichokitembeza hakikuwa kiburi, wala ukaidi, wala hata imani ile waliyokuwa wakiisifu kanisani. Alimpenda baba yake wakati ule kuliko kiwanda, kuliko Kampala na kila gunia lililowahi kuvuka Kasindi. Acha tanuri lizimwe. Acha Salomon anunue kwa wengine.

Alinyanyuka. Akaenda kwenye meza ya kanisa, akafungua kifuniko, akazamisha upawa mpaka mpini. Akarudi nao umejaa, akitembea polepole usimwagike, mpaka kwenye bidoni ya kwanza ya safu, yenye kitambaa chekundu cha Adèle. Akauinua upawa juu ya mdomo wa bidoni.

Mkono wa baba yake ukamshika kifundo cha mkono. Mzee alikuwa amesimama bila yeye kusikia. Aliinama juu ya upawa, pua karibu iguse maziwa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mnunuzi yeyote.

"Acha, mwana wangu," alisema Nzanzu. "Inanuka."